Bata mzinga "wa porini" niliowanunua upande wa Gayaza

Nyota tatu kati ya tano. Ndege wenyewe ningewapa nne na nusu: wana afya, wanakula vizuri, na yule dume mkubwa watu wanasimamisha boda kumtazama. Nyota zilizopungua zimepotelea kwenye karatasi moja iliyobanwa plastiki, iliyotundikwa ukutani pale wanapopokelea pesa.

Shamba silitaji jina. Mama mwenye shamba nimeshamwambia uso kwa uso haya ninayoyaandika, akanisikiliza, akanipa na soda. Naandika kwa ajili ya mtu anayetaka kutoa pesa yake kwa sababu ameambiwa bata mzinga fulani ni "wa porini kutoka Marekani", maana neno hilo sasa nimelisikia kwa wauzaji watatu.

Mimi ni dereva wa watalii, kwangu ni Bombo, hapa Uganda. Mwaka 2020 wageni walipokatika ndipo nilipoanza kufuga, kwanza kuku wa kuroila, kisha nikatamani bata mzinga. Waganda wanamwita ssekkokko, na ukisimama naye dakika mbili hutauliza jina hilo limetoka wapi.

Mwezi wa Februari nikapanda taksi ya Gayaza, nikashuka, boda ikaniingiza ndani. Shamba ni safi, hilo niliseme mapema. Vifaranga wa wiki nne walikuwa wanauzwa kuanzia shilingi 35,000 kila mmoja. Nilichukua 10. Nikaongeza dume na jike wakubwa wa rangi ya shaba kwa 380,000 wote wawili, baada ya kuvutana sana. Binti anayeuza aliniita Hajji tangu getini. Hija sijaenda, lakini ukishaitwa Hajji ni vigumu kuomba punguzo la tatu.

Ile karatasi sasa. Ina picha tano za bata mzinga, kila mmoja na jina chini yake. Wa shaba ameandikwa MARIAM. Mweusi ameandikwa OSCEOLA. Mwekundu ni RIO, mweupe ni GOULD, wa kijivu ni EASTERN. Juu kabisa: "Koo tano za bata mzinga wa porini." Bei inapanda kwa ukoo, na mweupe ndiye ghali kuliko wote.

"Hajji, hawa kwao wanawindwa na bunduki," binti akaniambia. "Hapa tumewatuliza tu."

Nililipa, lakini nilianza kushuka moyo tangu pale, kwa sababu nyumbani nina unyoya.

Mwaka 2017 nilimbeba mzee mmoja wa Missouri, Marekani, kwenda hifadhi ya Murchison. Asubuhi moja tukitoka Paraa, akagonga paa la gari nisimame. Ndege watatu weusi, wakubwa, wanatembea kwenye nyasi kama wazee wanaokwenda kukagua shamba la jirani. Akanishika bega, anapumua kwa nguvu. Nikamwambia hao ni mumbi, tena mumbi wa kaskazini, subiri waruke uone. Waliporuka, ncha za mabawa zikatoka nyeupe tupu, naye akacheka mwenyewe. Akasema kwa nukta moja macho yake yaliona bata mzinga wa kwao, ndege aliyemwinda tangu mtoto. (Si yeye peke yake. Nimebeba Wamarekani wengi, na kila anapotokea mumbi kuna mmoja anayeshtuka hivyo.)

Jioni hotelini akafungua kitabu chake cha ndege akatoa unyoya wa mkia aliokuwa akiutumia kuwekea alama ya ukurasa. Ni mrefu kupita rula ya shule. Mwili wake ni wa kahawia wenye michirizi myeusi midogomidogo iliyokatizana, ukifika karibu na mwisho unakuta mkanda mweusi mpana, na baada ya mkanda ndipo inakuja ncha. Ncha ile ni ya kahawia iliyoiva, rangi ya ganda la karanga iliyokaangwa. "Hapo ndipo pa kutazama," akaniambia. Akanipa unyoya, akanifundisha hadi taa za jenereta zikazimwa.

Alivyonieleza, na baadaye nikayasoma mwenyewe nikakuta ni hivyo hivyo, bata mzinga wa porini wa Amerika Kaskazini ni spishi moja yenye koo sita. Mimi nimeyakariri kwa chai. Wa Mashariki, mwenye unyoya wangu, ndiye aliyeenea kuliko wote, nusu yote ya mashariki ya Marekani, na ncha ya mkia wake ni chai ya rangi iliyokolea. Osceola anaishi kwenye rasi ya Florida tu, hakuna kwingine. Mkia wake unafanana na wa Mashariki ila ni mweusi zaidi, na bawa ndilo linalomtaja: yale manyoya marefu ya bawa yana milia myeupe na myeusi, sasa kwa Osceola weusi umekula nafasi ya weupe hadi bawa likikunjwa linaonekana giza. Jina lake ni la kiongozi wa Waseminole, aliyepigana na jeshi la Marekani miaka ya 1830. Rio Grande, wa Texas, Oklahoma na Kansas, ncha yake ni chai ya maziwa. Merriam wa milima ya Rocky, kwenye misonobari, ncha ni maziwa yenyewe, yale yenye malai. Gould wa milima ya Sierra Madre kule Meksiko, ambaye wachache wanafika Arizona na New Mexico, ana miguu mirefu kuliko wote na ncha nyeupe kama kanzu ya Idi. Wa sita ni wa kusini mwa Meksiko, na huyo nitamrudia kwa sababu kesi yote imelalia kwake.

Kuna na binamu yao wa Yucatán, mwenye kichwa cha buluu kilichojaa chunusi za rangi ya chungwa na macho ya tausi mkiani, lakini huyo ni spishi nyingine kabisa na hakuna aliyejaribu kuniuzia. Bado.

Basi nimefika Bombo na ndege wangu. Dume akakaa siku mbili kimya, siku ya tatu alasiri akaona kivuli chake kwenye bati, akajitanua. Mkia ukafunguka kama pepeo la mkaa. Nikaingia ndani, nikatoa unyoya wa mzee, nikachuchumaa nyuma yake. Alinitazama kwa jicho moja, kichwa kikabadilika kutoka buluu kuwa chekundu mbele yangu, lakini akanivumilia. Nikausogeza unyoya karibu na mkia wake. Michirizi ileile. Mkanda mweusi uleule. Kisha ncha: wa mzee, ganda la karanga, wake, nyeupe, upana wa kidole changu cha gumba.

Kwa hiyo binti alisema kweli? Ncha nyeupe, Merriam?

Mkia ukiutazama peke yake utamwamini. Hata mimi usiku ule nilijaribu kuamini, maana 380,000 si pesa ya kuitupa. Lakini huyu bata mzinga tunayemfuga dunia nzima ametokana na yule wa sita, wa Meksiko. Wenyeji wa kule walimfuga zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, Wahispania wakamchukua mwanzoni mwa miaka ya 1500 wakampeleka Ulaya, na Waingereza walipohamia Amerika wakamrudisha bara lilelile akiwa tayari ndege wa zizini. Huko akachanganyika na wa Mashariki wa porini, na ndiko alikotoka huyu wa shaba. Weupe wa mkia ni urithi wa bibi yake wa Meksiko. Karibu kila bata mzinga wa shaba wa kufugwa anao, kuanzia Bombo hadi Uturuki.

Ndiyo maana ukitaka kumjua wa porini usiishie mkiani. Tazama umbo. Wa porini ni mwembamba, shingo ndefu, miguu mirefu, anatembea kama mtu aliyechelewa. Wangu kifua kimejaa hadi miguu imeachana. Nilimweka kwenye mizani ya maharagwe ya duka la jirani wiki ile ya kwanza: kilo 13 na robo, na umri wake miezi saba. Dume la porini lililokomaa mara nyingi ni kilo 7 hadi 11. Wa porini jua likizama anaruka juu ya mti kulala, na akikurupushwa anaweza kuruka kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa na zaidi. Wangu ameshindwa kupanda tawi la fenesi lililo sawa na kiuno changu. Alijaribu mara moja, akatua juu ya beseni la mke wangu. Hilo beseni sikuliingiza kwenye hesabu ya hasara.

Umri lakini walisema kweli, na hili ni la kuwasifu. Dume mchanga akifungua mkia, manyoya ya katikati yanakuwa marefu kuliko ya pembeni, pepeo linatoka na nundu. Akishamaliza kubadilisha manyoya, linakuwa mviringo safi. Wangu alikuwa na nundu, vikwara vya miguuni vilikuwa vifundo tu, na usinga wa kifuani ndio kwanza umechomoza. Jike pia hawakunidanganya: manyoya ya kifua chake yana ncha nyeupe, ya dume yanaishia kwenye weusi. Usitegemee usinga kutenganisha dume na jike, kwa sababu majike wengine nao huota.

Hasara niliyoilia ni ya mayai. Nilitaka ndege wa porini kwa sababu moja ya kibiashara: nilijua wanazaana wenyewe. Dume mwenye kifua kilichofugiwa nyama anakuwa mzito, anateleza, anamchubua jike mgongo na mbegu haifiki. Kwenye mashamba makubwa ya nje hawaruhusu hata kujaribu, wanapandishia kwa mkono. Jike wangu alitaga 11, akaatamia siku 28 kwa uaminifu wote, wakatoka vifaranga watatu. Nane nilipoyavunja yalikuwa maji matupu. Mtu aliyeambiwa ananunua ndege wa nyama angejipanga vingine, angenunua dume jepesi. Aliyeambiwa "wa porini" anakaa mwezi mzima akisubiri.

Sasa wale 10 wadogo. Nilichagua kwa rangi, mchanganyiko, kwa imani ya karatasi. Walipofika miezi minne kila mmoja alikuwa ameshajisema. Wale "Osceola" wawili ni weusi tii, ukucha hadi shingo, mabawa hayana mlia hata mmoja. Hao ni bata mzinga weusi wa kufugwa, rangi iliyopendwa sana Ulaya tangu zamani. Osceola halisi hawi mweusi hivyo; giza lake liko bawani, na milia ukiitafuta utaiona. "Rio" ni wekundu wa kahawia wenye mabawa na mkia mweupe. Huyo ana jina lake kamili, Bourbon Red, kutoka Bourbon kule Kentucky, na wafugaji wa Marekani wamemwandika kwenye orodha yao rasmi tangu 1909. Ni mzuri kiasi kwamba sioni kwa nini wamempa jina la mtu mwingine. Yule wa kijivu cha majivu ni rangi inayoitwa Slate, na weusi pamoja na Slate waliingia kwenye orodha hiyo ya rasmi mwaka 1874. Haina uhusiano na Mashariki wala Magharibi.

"Gould" walikuwa watatu, na ndio walionichekesha. Walipokuwa vifaranga walikuwa njano kama vifaranga wa kuku wa nyama. Nilimuuliza binti, hawa mkia utakuwa mweupe au mwili mzima? Akasema, "Hajji, weupe ni weupe." Wametoka weupe kuanzia kichwani hadi mkiani. Gould wa porini ni mweusi mwenye mng'ao wa shaba na kijani. Cheupe ni ile ncha. Hawa ni weupe wa kawaida wa viwandani. Wala si zeruzeru, nimewatazama macho: meusi. Zeruzeru wa kweli ana jicho la waridi, na ni nadra mno.

Cha ajabu, hao weupe ndio waliostahili bei yao, kwa sababu ambayo shamba halijaiandika popote. Ukimnyonyoa bata mzinga wa shaba, vishina vya manyoya vinaacha madoa meusi kwenye ngozi, kana kwamba mtu amenyunyiza pilipili manga. Mweupe ananyonyoka, ngozi inabaki safi. Mpishi wa hoteli moja ninayopeleka wageni alinieleza hivyo mwaka jana, na Desemba yeye huwauliza weupe kwanza.

Nilichotaka mama wa shamba akielewe ni kwamba rangi ya mwili mzima na ukoo ni mambo mawili yanayotembea njia tofauti. Hata huko porini kwenyewe anazaliwa mmoja wa rangi ya moshi, kijivu cheupe chenye kingo nyeusi, na mara nyingi ni jike. Anazaliwa mwekundu. Anazaliwa mweusi mtupu. Wote hao baba yao ni wa Mashariki, mama yao ni wa Mashariki, na wao ni wa Mashariki. Waganda wanalijua hili kuliko mtu yeyote: mtoto wa ukoo wa Nsenene awe mweupe awe mweusi, nsenene, yaani senene, bado hali, ni mwiko kwao. Na pale koo mbili za bata mzinga zinapopakana, tuseme Kansas, wanaoana, mkia unatoka na rangi ya katikati, hadi wawindaji wenyewe wanauliza kwanza ulimpigia wapi ndipo wakuambie ni nani. Mahali ndipo pa kuanzia. Aliyeanguliwa upande wa Gayaza, mahali pameshajibu.

Nirudi kwenye huduma, maana hapo wana mazuri. Vifaranga walikuja kwenye boksi lenye matundu na maranda, si kwenye gunia kama nilivyofanyiwa kwingine. Nilipewa kadi ya chanjo ya kideri na ndui, tarehe zimeandikwa. Binti alinipa bila kuulizwa ujanja wa kuweka gololi kwenye chombo cha maji: kifaranga wa bata mzinga ni mjinga wa kunywa na kula, gololi zinamvutia adonoe na pia zinamzuia asizame. Nilizinunua Bombo sokoni, watoto wangu wakaiba nusu, zilizobaki zikafanya kazi. Kati ya 10 alikufa mmoja, na huyo mwewe alimchukua, siwezi kumdai mtu. Ukiandika WhatsApp wanajibu siku hiyohiyo.

Kasoro moja ya hatari: niliona kuku wa kienyeji wakizunguka ndani ya banda la bata mzinga, wanachakura pamoja. Kuku hubeba minyoo midogo ya utumbo ambayo mayai yake yanahifadhi kijidudu cha ugonjwa wa ini. Kuku mwenyewe mara nyingi haumwi, bata mzinga anaharisha njano kama kiberiti na anakufa. Wangu niliwatenga kwenye ardhi ambayo kuroila hawajawahi kukanyaga. Mama alisema kuku ni wa mama mkwe wake na hawezi kuwafukuza. Nilimwelewa, lakini nisingenunua tena ndege mkubwa kutoka banda lile. Vifaranga wanalelewa chumba kingine, hao nachukua.

Na kweli nilirudi kuchukua, mwezi uliopita, na unyoya nikaubeba. Nikauweka mezani. Mama akaushika, akaupitisha kidoleni, akauliza kwa nini ncha si nyeupe. Tukakaa karibu saa nzima. Kumbe karatasi waliinunua na mayai ya kwanza, kwa mtu aliyewaletea kila kitu pamoja, majina humo humo. "Mimi nilidhani Mariam ni mke wa aliyewagundua," akasema. Nikamwambia Merriam alikuwa mwanaume, mtaalamu wa wanyama wa serikali ya Marekani, na aliyempa ndege jina hilo mwaka 1900 alimheshimu tu. Akacheka hadi akajifuta macho kwa kitenge.

Karatasi haikutoka ukutani. Alisema wateja wanaipenda, ila atafuta neno "porini". Nikaagiza vifaranga 12, wanane weupe kwa ajili ya Desemba na wanne wa shaba, nikaomba risiti iandikwe "bata mzinga wa kufugwa". Binti akaandika vizuri, akagonga muhuri, akaikunja. Niliifungua nikiwa kwenye taksi: "Bata mzinga wa kufugwa, weupe 8, Mariam 4. Asante Hajji."